Mmefiwa na Nani?

Mwanamke aliyevuka miaka sitini na tano akionekana stendi na begi, watu hawamuulizi anakwenda wapi. Wanampa pole. Safari za umri wetu zinajulikana: msiba, harusi, hospitali na kesi ya shamba. Ukisema unakwenda kutembea tu, konda anakutazama wewe, anamtazama mwenzako, anajaribu kukisia nani kati yenu ndiye mgonjwa anayesindikizwa.

Mwenzangu ni shoga yangu wa tangu chuo cha ualimu, mstaafu kama mimi, mnene kidogo kunishinda ingawa hilo hakubali. Watoto walikuwa wameshatupangia Nungwi, kule kaskazini mwa Unguja, kwa nia njema kabisa. Nungwi naijua. Mara ya mwisho nilipokanyaga ufuo wake, kijana wa umri wa mjukuu wangu alinipokea kwa "Jambo mama, hakuna matata," akanitajia bei ya dafu kwa dola. Mimi, mzaliwa wa Temeke! Nikamwambia aniamkie kwanza ndipo tuzungumze biashara. Akaniamkia, na hapo hapo dafu likageuka kuwa la shilingi. Sikulinunua, lakini niliondoka nimeshapata kipimo cha kuchagulia mahali pa kwenda uzeeni.

Nikataja Kilwa. Miaka yangu yote ya kufundisha historia nilichora ramani ya pwani ubaoni, nikaweka nukta ya Kilwa, nikaeleza dhahabu ya Sofala na masultani waliopiga sarafu zao wenyewe, na hiyo nukta sijapata kuiona kwa macho. Shoga yangu alifundisha hesabu. Yeye alichotaka ni samaki.

Kilwa Masoko iko takribani kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, na siku hizi ni lami. Watu wa rika letu wana kumbukumbu nyingine ya njia hiyo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, magari yalipanga foleni kungoja kivuko, na masika ikikolea, Kusini ilibaki peke yake hadi matope yakauke. Nilitaka kumweleza shoga yangu hayo tulipokuwa juu ya daraja. Alikuwa amelala, mdomo wazi. Kilichomwamsha baadaye ni sauti ya konda: "Dakika tano, kuchimba dawa!"

Kwa kijana, kuchimba dawa ni kuruka mtaro na kurudi unapangusa mikono. Kwetu ni mradi. Unahitaji kichaka chenye staha, mtu wa kukushikia khanga, na mti wa kushikilia wakati wa kuinuka, maana kushuka hakuna asiyeweza. Kichaka tulikipata, khanga tulikuwa nayo. Mti ulikuwa mkorosho mchanga, nilipoushika ukainama pamoja nami. Dereva akapiga honi. Shoga yangu akaacha khanga ili anivute, na sote wawili tukatokeza kutoka porini tumeshikana mikono, majani kichwani, mbele ya abiria waliokuwa wamejipanga madirishani. Mama mmoja akanong'ona kwa sauti iliyofika siti za nyuma: "Masikini, wanawahi mazishi."

Basi zima likatupa pole. Kufika Nangurukuru, ambapo njia ya Masoko inaiacha barabara ya Lindi, tulikuwa tumechoka kukanusha. Ukikanusha msiba unaulizwa maswali; ukiupokea unapishwa kiti cha mbele kwenye Noah.

Gesti tuliyochagua ilikuwa safi na ya bei ya pensheni, na choo chake kilikuwa cha kuchuchumaa. Hapa naomba niseme jambo kwa wale wanaosifia mahali ambapo utalii haujapaharibu. Utalii unaharibu mengi, sikatai, ila popote ulipopita umeacha choo cha kukaa. Usiku ule nilitamani sana uharibifu kidogo.

Kwenye kitabu cha wageni kulikuwa na safu ya madhumuni ya safari. Shoga yangu akaandika "kutembea." Binti wa mapokezi akasoma, akainua macho.

"Kutembea kwa nani, bibi?"

"Hatuna mtu hapa, mwanangu."

"Hamna mtu kabisa?"

"Kabisa."

Binti akafunga kitabu taratibu. "Poleni sana," akasema, akatuletea mto wa ziada.

Kesho yake tulikwenda Kilwa Kivinje, mji uliokuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19 na baadaye makao ya Wajerumani. Kivinje ina milango ya nakshi, maghorofa yanayoota miti juu ya kuta, boma lililochoka, na wakazi wanaojua kila anayepita. Mtalii wa kizungu akisimama mbele ya nyumba mbovu akaitazama kwa muda mrefu, watu wanajua anapiga picha. Bibi wawili wa Kiswahili wakifanya vivyo hivyo, hiyo ni mirathi. Hatukuwa tumemaliza kuusifia mlango mmoja, mzee wa jirani akatoka na kanzu yake, akatukaribisha kwa adabu zote, akatueleza kwa upole kwamba kesi ya nyumba ile ilikwisha zamani na wenyewe walishagawana. Tukamshukuru. Tulipogeukia nyumba ya pili akatufuata. Ya tatu tuliitazama tukiwa mwendoni.

Safari yenyewe hasa ilikuwa Kilwa Kisiwani. Unalipia kibali mjini Masoko, unapanda mashua bandarini, na kipande cha bahari cha kuvuka si kirefu. Nahodha alikuwa kijana mpole aliyeonekana ana haraka yake. Akatuhimiza tuondoke, kwa kuwa ilikuwa bamvua, na bamvua maji yakianza kukupwa hayamngoji mtu. Hayakutungoja. Tulipokaribia kisiwa, mashua ikagusa mchanga, na kati yetu na ufuo palikuwa na tope, nyasi za baharini na vidimbwi, mwendo wa kutosha kumkumbusha mtu madhambi yake. Kijana wa nahodha akateremka, akanigeuzia mgongo, akainama.

"Panda bibi, nikubebe."

Shoga yangu alimtazama mabega, akanitazama mimi, akafanya hesabu yake kimya kimya, akasema, "Baba, mama yako anakuhitaji." Tukavua viatu. Tulikwenda kwa kushikana, nguo zimefungwa magotini. Kila mmoja alipozama, mwingine alicheka, na akicheka naye anazama.

Sasa kuhusu Kilwa yenyewe, mwalimu hawezi kunyamaza. Kuna Gereza karibu na ufuo, ngome ambayo mwanzo wake ni Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505. Kuna Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, wenye nguzo na makuba ambayo bado yanasimama, na ukiingia ndani joto linakuacha mlangoni. Kule mbele, juu ya mwamba unaotazama bahari, kuna Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hassan bin Suleiman, lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane. Kijana aliyetuongoza alieleza vizuri. Nilimsahihisha mara moja tu, tena kwa macho.

Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, wakati wa sultani huyo huyo, akausifia mji kwa uzuri wake. Wanafunzi wangu waliandika habari hiyo kwenye mitihani na mimi nikawapa maksi bila kujiuliza swali moja la msingi: alikuwa na umri gani? Ibn Battuta alizaliwa mwaka 1304. Alikuwa na miaka ishirini na saba! Kwa magoti ya miaka ishirini na saba hata mimi ningeusifia mji wowote. Mtu huyo alipanda ngazi za watu kutoka Morocco hadi China, hakuna mahali alipoandika kwamba amekaa akakanda goti kwa mafuta ya karafuu.

Maana Kilwa ina misikiti, makasri, ngome na makaburi ya masultani, lakini haina benchi. Ngazi inazo. Anaandika Ibn Battuta kwamba sultani wa Kilwa aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Shoga yangu alisikiliza habari hiyo akiwa ameegemea ukuta wa karne ya 14, akasema yeye angetosheka na kigoda. Kijana akamwomba kwa heshima asiegemee. Magofu haya yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981; mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa 2014 baada ya ukarabati. Magoti yangu yako kwenye orodha hiyo bado.

Nikawasimulia pia sarafu za Kilwa, zile za shaba zilizookotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Shoga yangu akasema haoni ajabu. Zilikuwa zinatafuta mahali pa kukaa.

Tuliporudi kijijini maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa, na mashua imelala ubavu. Nahodha hakuwepo. Tukaambiwa yuko kwenye hitima ya bibi yake, ndiyo haraka aliyokuwa nayo asubuhi. Hakuna kuondoka hadi dua imalizike na bahari irudi, na bahari ndiyo ingechelewa zaidi. Kina mama waliokuwa uani wakatuona tumesimama juani na viatu mkononi.

"Mmetoka wapi, mama zangu?"

"Dar es Salaam."

"Ah!" Wakageukiana. "Ni wale wa Dar!"

Ni kina nani hao wa Dar, hatujajua mpaka leo. Waliopaswa kuja walikuwa wakisubiriwa, sisi tukafika, na khanga zetu zilikuwa zimelowa kiasi cha kutosha kuonyesha tumehangaika njiani. Nilifungua mdomo nieleze. Wakati huo huo mama mmoja akanisogezea mbuzi ya kukunia nazi, na mimi, baada ya asubuhi nzima kisiwani, nikakiona kiti.

Nikakaa. Sioni aibu kusema kwamba hakuna kochi la hoteli yoyote lililowahi kunipokea vile. Mtu aliyekaa kwenye mbuzi hawezi kukaa bure, kwa hiyo nikakuna, nazi baada ya nazi, huku wakinisimulia habari za marehemu: ukali wake, maandazi yake, jinsi alivyogombana na mkwewe kwa ajili ya jogoo. Shoga yangu alipewa mchele achambue. Kufikia alasiri alikuwa ana maoni kuhusu yule jogoo. Tulikula wali wa nazi na changu wa kukaanga, samaki ambao shoga yangu alikuwa akiwaota tangu Mbagala, na tulipotoa ubani wetu walikataa kwanza, kama inavyotakiwa, kisha wakapokea.

Njiani kurudi Masoko, jua linashuka, nahodha alitushukuru kwa kuja kwenye hitima ya bibi yake. Shoga yangu akamwambia ukweli wote, kwamba sisi si ndugu wa mtu, tulikuja kutembea. Kijana akapiga makasia kidogo akiwaza.

"Najua," akasema. "Wale wa Dar walipiga simu asubuhi, hawaji. Lakini nazi zilikuwa nyingi."

Shoga yangu sasa anataka Mikindani, au Pangani, akisema huko nako kuna magofu na samaki. Mimi nimemwambia tungoje kwanza, maana kabla ya kuondoka uani pale tuligawa namba zetu za simu, na nimeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la maandalizi ya harusi ya nahodha. Jina langu liko kwenye orodha ya ahadi kama "Bibi Mkuna Nazi," shilingi 50,000, bila mimi kuulizwa. Shoga yangu wamemwandikia 30,000, na amenipigia simu kwa hasira kutaka kujua kwa nini wamemdharau.