Deni la Mwaka 1498

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na utotoni tulikuwa tukicheza karibu na nguzo ya Vasco da Gama. Kwa hiyo nilipopata siku moja ya kuzungushwa Lisbon, nilijiona mwenyeji. Mreno yule alitufikia mwaka 1498 akiwa haijui njia ya India. Sultani wa Malindi ndiye aliyempa rubani. Sasa mtu wa Malindi atapoteaje Lisbon? Kuelekeza watu ni kazi ya kwetu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa viatu. Nilivaa vipya vya ngozi, soli laini kama sahani. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima, na njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo hata vikang'aa. Tulipokuwa tukiteremka mitaa ya Alfama, wenzangu walitembea, mimi niliserereka. Mara mbili nilimkumbatia mzee mmoja wa Kizungu nisiyemjua. Mara ya tatu alinisubiri amefungua mikono.

Mtembezaji wetu, kijana mchangamfu, alituambia neno moja tu la kushika: fuateni mwavuli wa njano. Tulipofika Belém, mbele ya monasteri ya Jerónimos, niliinama kutoa kijiwe kiatuni. Kuinuka, mwavuli wa njano ule pale. Nikaufuata. Dakika ishirini nzima nilisikiliza kwa makini, nikitikisa kichwa, nikicheka wenzangu wakicheka. Sauti ya kijana ilikuwa imebadilika, lafudhi nayo nzito, nikasema labda ni njaa. Alipogeuka, nikamwona mama wa makamo mwenye miwani. Kumbe nilikuwa nahudhuria darasa la Kijerumani.

Nilijikuta peke yangu kanisani, mbele ya kaburi la Vasco da Gama mwenyewe. Sanamu yake imelala chali juu ya jiwe, viganja vimekutana kama anayeomba dua. Kanisa lile lilijengwa kwa sehemu kwa ushuru wa viungo vilivyotoka Mashariki, yaani njia aliyoonyeshwa ndiyo iliyomlipia malazi. Nikamnong'oneza: “Bwana, leo zamu yangu.”

Nje, simu ilikuwa imezima. Nikamsimamisha bibi kizee mwenye kikapu, nikakusanya Kireno chote nilichorithi kwa mababu: meza, mvinyo, leso, bendera, gereza. Nikaonyesha kidole kanisani: “Gereza!” Kisha nikainua mkono juu kama mwenye mwavuli: “Bendera!”

Kwetu ningepelekwa polisi. Lakini bibi akang'aa uso. “*Igreja? Bandeira?*” Neno gereza lilitoka kwao likiwa na maana ya kanisa, sisi ndio tuliolitia kufuli. Akanishika mkono kama mjukuu mtoro, akanizungusha upande wa pili wa jengo, na hapo kikundi changu kilikuwa kimesimama chini ya mwavuli, kikihesabiwa mara ya tatu.

Kurudi kwenye basi, nilipiga hesabu. Sisi tuliwapa rubani mmoja hadi India. Wao wamenirudishia bibi mmoja, hatua mia mbili. Mtaji nimeupokea. Habari ya riba tutaizungumza nikishanunua raba.