Milele ya Miaka Miwili

(Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu. KUKU, kamba ya katani ikimning'inia mguuni, anajibanza nyuma ya JIWE LA KULIA.)

KUKU: Mulembe, Kukhu. Nisitiri kidogo, natafutwa.

JIWE: Mulembe muno, mjukuu wangu. Umeiba?

KUKU: Nimetoroka harusi. Si yangu, ya watu. Mimi nilikuwa mchuzi wa wakwe.

JIWE: Heshima kubwa hiyo.

KUKU: Heshima ya sufuria! Halafu nife na udaku wote huu kifuani? Sikiliza. Mama wa kule nilikotoka ana tamthilia yake, Bridgerton. Mimi huichungulia kutoka mlango wa jikoni. Ni London ya mwaka 1813, na kuna mwandishi asiyejulikana, Lady Whistledown, anayetoa karatasi ya umbea. Nani kacheza na nani, nani kaonekana bustanini usiku bila mtu wa kumchunga. Hata Malkia huingoja. Mama hulia, Kukhu, hulia kabisa! Anasema mapenzi ndiyo hayo. Juzi akamkuta dada wa kazi akiongea na kijana wa bodaboda pale langoni, akamfukuza kabla ya chai ya saa kumi.

JIWE: Walikuwa wanafanya nini?

KUKU: Kijana alikuwa anarudisha chenji.

JIWE: Angekuja na gari la farasi angekaribishwa sebuleni. Nitazame mimi. Husemwa kwamba nilikuwa msichana, nikampenda kijana ambaye baba hakumtaka, ndipo baba akanigeuza jiwe. Mita zipatazo 40, mjukuu wangu, kwa kosa la kupenda! Wale wa London wakikosa namna hiyo hupewa muziki wa fidla.

KUKU: Kwa hiyo ni machozi kweli? Wengine husema ni mvua.

JIWE: Wenye shule husema mvua hukusanyika utosini pangu, ikateremka kwenye huu mfereji. Wazee husema nalia. Mimi sijamkanusha yeyote. Nikisema ni mvua tu, watalii watanipita moja kwa moja hadi msituni kutazama mbega.

KUKU: Una akili. Lakini usidhani Kenya haikuwa na mapenzi ya wakubwa. Kule bonde la Wanjohi, ile Happy Valley ya walowezi! Idina Sackville aliolewa mara tano. Wa tatu alikuwa Josslyn Hay, aliyekuja kuwa Lodi Erroll. Halafu kuna Alice de Janzé. Mwaka 1927, kituo cha treni cha Gare du Nord kule Paris, alimpiga mpenzi wake risasi, akajipiga na yeye. Wote wakapona. Unajua alifanya nini mwaka 1932?

JIWE: Alitubu?

KUKU: Aliolewa naye! Na huyo Erroll, Januari 1941, alikutwa amekufa ndani ya gari lake aina ya Buick, karibu na Karen. Risasi kichwani. Wakamshtaki Sir Jock Delves Broughton, kwa kuwa marehemu alikuwa akitembea na mke wa Broughton. Julai mahakama ikamwachilia. Vitabu vimeandikwa, filamu ikatoka 1987, na hadi leo watu hubishana muuaji alikuwa nani. Hiyo ndiyo kashfa! Sisi Kakamega tuna nini? Fahali wawili kupigana pembe Khayega?

JIWE: Umesema Alice aliolewa mwaka gani?

KUKU: 1932.

JIWE: Mwaka huohuo hapa kwetu uchumba ulivunjika, na mposaji hakuaga.

KUKU: Wee! Mushene wa hapahapa? Nani?

JIWE: Serikali.

KUKU: Ya nani? Baba yake nani?

JIWE: Ya Mwingereza. Alikuja kuposa mwaka 1930. Hakuleta ng'ombe hata mmoja, alileta sheria. Ikasema ardhi za wenyeji ni zao milele. Serikali ikihitaji kipande kwa kazi ya umma, itawapa kingine cha ukubwa uleule, na baraza la wenyeji litaulizwa kwanza.

KUKU: Alisema milele? Mbele ya mashahidi?

JIWE: Iliandikwa. Basi 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, mkulima wa Turbo, akapata dhahabu huku. Bei za mazao zilikuwa zimeporomoka dunia nzima, walowezi wana madeni. Wakamiminika na majembe na mahema yao. Vigingi vikapigwa katikati ya mtama wa watu. Sijawahi kuona mabwana wengi hivyo wakipiga magoti, na hakuna aliyekuwa akiposa.

KUKU: Na mchumba wetu?

JIWE: Mchumba akaona dhahabu shingoni mwa msichana. Desemba 1932 akaibadilisha sheria. Ardhi ikitwaliwa kwa ajili ya madini, si lazima kurudisha ardhi nyingine. Fidia ya pesa inatosha. Baraza nalo si lazima kuulizwa.

KUKU: Ngoja nihesabu. 1930, 1932... Milele ya miaka miwili! Yaani mwaka ule mwanamke mwenye bastola alikwenda kutimiza ahadi, na mwenye muhuri akakimbia?

JIWE: Na wazee walikuwa bado mkekani! Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter ilikuwa ingali ikizunguka, inasikiliza nani anadai nini. Kelele zilifika hadi bungeni London. Huku nyumbani watu wakajipanga, miaka ileile kikazaliwa chama, North Kavirondo Central Association.

KUKU: Nani alikutwa chini ya kitanda?

JIWE: Hakuna.

KUKU: Nani alizabwa kofi?

JIWE: Hakuna.

KUKU: Sasa umbea gani huu, Kukhu? Ndiyo maana haukutengenezewa filamu! Lakini niachie mimi. Nitaufikisha Khayega siku ya fahali, nipenyeze chini ya miguu ya watazamaji. Huyu Serikali alikuwa mrefu?

JIWE: Alikuwa karatasi.

KUKU: Mrefu, ana masharubu, amepanda farasi mweupe. Na msichana?

JIWE: Shamba la mtama.

KUKU: Mweusi wa kung'aa, shingo ndefu, anakwenda mtoni Yala na mtungi. Wanakutana lini?

JIWE: Mjukuu wangu, kulikuwa na mama aliyeamka akakuta kigingi jikoni.

KUKU: Hicho nakiruka. Watu watakuwa wamekuja kustarehe. Niambie mwisho.

JIWE: Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa 1952. Kampuni ikaondoka, mashimo yakabaki. Mpaka leo wajukuu wa walewale huteremka humo na tochi kichwani, wakapanda na karai la mawe.

KUKU: Hapana, Kukhu. Mwisho huo hauwezi kwenda Khayega. Nitawaozesha.