Geza Ulole: Mwongozo kwa Mgeni Anayevuka Kwenda Kigamboni

Kigamboni ni karibu. Hilo ndilo utakaloambiwa kwanza, na ndilo la kwanza kutoamini. Simama Feri upande wa Magogoni, soko la samaki likiwa nyuma yako, utaiona yote: minazi, mapaa ya mabati, bajaji zilizopanga mstari, na kama macho yako bado mazima, hata rangi ya kanga ya mama anayeshuka ng'ambo. Katikati kuna mita mia chache tu za maji. Mwadhini mwenye mapafu mazuri angeweza kuwaamsha watu wa pande zote mbili. Ndiyo maana mwenyeji wa Kigamboni akikupigia simu na kusema, "Nipo hapo ng'ambo tu, nakuja," nawe umekaa mgahawani Posta, agiza chakula. Usiagize chai, itapoa.

Huku umbali haupimwi kwa mita. Chukua mfano wa mafuta. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968. Linaanzia huku huku Kigamboni, linapita Morogoro, Iringa na Mbeya, linavuka mpaka na kuingia Zambia hadi Ndola, kilomita 1,710. Katika safari yote hiyo mafuta hayapangi foleni hata mara moja. Wewe unakwenda Tungi, hapo ng'ambo tu, kumwona shangazi, chukua mwavuli, maji ya kunywa na kitu cha kusoma.

Tuanze na lugha, maana mgeni hujulikana kwa kinywa. Chombo kinachovusha watu kinaitwa pantoni. Wenye tai huita kivuko, na kwenye matangazo utasikia hivyo, lakini ukimuuliza mtu wa kawaida ni pantoni. "Feri" si chombo, ni mahali. Ukimwambia bodaboda "nipeleke feri" atakushusha penye changu na kibua, na akina mama wa pale watakuuliza unataka wa kukaanga au mbichi.

Sasa kuvuka kwenyewe. Tikiti ni kadi, unagonga kwenye geti kama mtu anayebisha hodi, kisha unaingia kwenye banda la kusubiria. Humo utakuta kila kitu kinachohitajika ili mji uendelee: walimu, askari waliovua kofia, vijana wenye ndoo za dagaa, baiskeli iliyofungwa matenga mpaka haionekani ni baiskeli, bibi mwenye kuku kwenye mfuko, kuku ametoa kichwa nje anaangalia saa ya ukutani. Wote wametulia. Usidanganyike na utulivu huo. Pantoni ikigusa ardhi na lile geti la ndani likaanza kusogea, ustaarabu uliofundishwa kwenu utie mfukoni pamoja na simu, na mkono wako uache humo humo. Usikimbie, utaanguka. Usitembee pia, utaangushwa. Kuna mwendo wa katikati ambao wenyeji wanao, kiwiko mbele, macho yanaangalia pengine kabisa, na hakuna anayekumbuka alifundishwa na nani.

MV Magogoni, iliyoanza kazi mwaka 2008, ilitengenezwa kubeba abiria 2,000 na magari 60. Mgeni akiisikia namba hiyo huona ni wengi sana. Na aje saa kumi na mbili asubuhi upande wa Kigamboni, wakati wilaya nzima inahamia Posta na Kariakoo kwa siku moja, halafu jioni aje Magogoni aitazame ikirudi. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 300,000 katika wilaya hii, na kuna jioni utaapa wote wamesimama mbele yako. Siri ni kwenda kinyume nao: vuka asubuhi ukitoka mjini, utakaa ukichagua kiti. Siri ya mwenyeji bado haijagunduliwa.

Nauli ni jambo la kuzungumza kwa heshima. Januari 2012 ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200 kwa mtembea kwa miguu, na watu wa Kigamboni wakapiga kelele. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akawajibu kwamba asiyetaka kulipa apige mbizi. Mbunge alikasirika, magazeti yakaandika. Wengine wetu tulikaa tukiyatazama maji kwa macho mapya. Basi mambo ya dunia ni haya: tarehe 19 Aprili 2016, mtu yuleyule, sasa Rais, alikata utepe wa Daraja la Nyerere kutoka Kurasini, mita 680, njia sita za magari, na tukampigia makofi mpaka viganja vikauma. Mwenye gari hakuhitaji tena kuzunguka Kongowe, safari ambayo ilikuwa inamfanya mtu aage nyumbani vizuri. Ila daraja ni la kulipia. Tozo zilipunguzwa mwaka 2022 baada ya manung'uniko ya miaka, lakini usije ukaanzisha mada hiyo ndani ya daladala inayovuka kama una haraka ya kushuka. Utapitilizwa kituo, maana konda naye ana maoni.

Ukishashuka, utataka kujua umefika wapi. Mgeni hudhani Kigamboni ni kijiji kilichozaliwa na Dar es Salaam. Kumbe huku kuna Mbwamaji, mji wa pwani uliokuwa na watu, misikiti na makaburi ya mawe kabla Sultani Majid hajaanza kujenga kasri lake ng'ambo katika miaka ya 1860. Kwa hiyo ukikutana na mzee wa Mbwamaji, shikamoo yako iwe ndefu kidogo. Anakuona mtoto wa mji wa juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilifungua kijiji cha ujamaa hapo, vijana wasio na kazi mjini wakaletwa wakashike jembe. Kijiji kikaitwa Gezaulole. Ni Kizaramo: geza ulole, jaribu uone. Sijawahi kusikia mradi wa serikali uliopewa jina la kweli namna hiyo tangu siku ya kwanza.

Karibu na pantoni kuna chuo. TANU ilikifungua mwaka 1961 kwa jina la Kivukoni, na tangu 2005 ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Vizazi vya makada vilikaa humo vikifundishwa kwamba ardhi si bidhaa, dirishani ikionekana bahari ileile ambayo leo dalali anakuuzia kwa mita ya mraba.

Na hapa inabidi twende polepole, kwani hapa ndipo wageni wengi hupotelea.

Mwaka 2008 serikali ilitangaza kwamba Kigamboni itakuwa mji mpya wa kisasa. Michoro ilikuwa mizuri sana: maghorofa ya vioo, maziwa ya kuchimbwa, miti iliyokatwa kwa rula, watu weupe wawili wanaotembea na mbwa. Watu waliambiwa wasijenge, wasiuze, wasiendeleze, wasubiri kulipwa fidia. Wakasubiri. Nyumba ikivuja, unaezeka bati au unasubiri? Ukitaka kumwozesha mwanao na choo kimebomoka, unajenga au unasubiri? Wakala wa kusimamia mji ukaundwa, ukakaa, ukavunjwa. Mji wa kwenye mchoro haukuja. Lakini bei zilikuja, hizo hazikusubiri mtu. Ndiyo maana hadi leo ukimuuliza mwenyeji kwa nini ukuta wake umeishia kwenye lenta, hatakujibu kwa sentensi moja. Vuta kiti.

Dalali wangu nilimpata mwenyewe, sitamsingizia mtu. Nilikuwa nimesimama kituoni nikitazama juu ya miti, kosa ambalo sitalirudia: huku mtu anayetazama juu ya miti ni mnunuzi. "Bosi wangu, unatafuta sehemu?" Nikasema natafuta choo. Akanipeleka chooni, akanisubiri, akalipa yeye, na hapo nikawa na deni.

Tulipanda bodaboda moja watu watatu. Tuliacha lami, tukaacha kifusi, tukaingia mchanga ambao pikipiki iliogelea badala ya kukimbia. Tukapita mikorosho, tukapita msingi uliootesha mpapai katikati ya sebule. Tulipofika akapanua mikono kama anayenikaribisha kwake. "Hiki hapa. Cha pili kutoka baharini." Nikatazama. Kulikuwa na nyasi, kichuguu, na mbuzi aliyefungwa kwa kamba ya buluu.

"Bahari iko wapi, kaka?"

"Ile pale."

"Wapi?"

Akanionyesha mwembe. Nikafikiri anamaanisha nyuma ya mwembe. Alimaanisha juu yake. Mtoto mmoja aliyekuwa akichunga yule mbuzi akapanda, akafika tawi la tatu, akatulia, akapiga kelele: "Naiona!" Dalali akanigeukia akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Nikauliza kama kiwanja kimepimwa. "Kimepimwa kabisa," akasema, akatembea hatua ishirini huku na thelathini kule kunithibitishia. Hapo ndipo nikaelewa kimepimwa na nini. Basi chukua haya kwa mtu aliyelipa nauli ya bodaboda ya watatu: usilipe hela ya kuonyeshwa kabla hujaonyeshwa, nenda ofisi ya serikali ya mtaa peke yako, siku nyingine, na uulize jina la mwenye shamba bila kulitaja wewe kwanza, kisha nenda ardhi halmashauri ukaulize kama namba ya kiwanja ipo kwenye ramani au ipo kwenye karatasi tu. Waulize majirani, hasa bibi anayekaanga mihogo. Bibi anayekaanga mihogo anajua kiwanja kimeuzwa mara ngapi na kila mnunuzi alikuja na gari gani. Na kama kweli utaonyeshwa kiwanja kinachogusa mawimbi, kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Dalali anaijua sheria hiyo vizuri. Ndiyo maana anakitaja kiwanja cha pili.

Bahari yenyewe nina machache ya kusema, ni nzuri. Fukwe za Mjimwema na kuendelea kusini hadi Kimbiji ni mchanga mweupe, na siku ya Idi na Krismasi nusu ya Dar huja kuukanyaga. Mwenye akili huuliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi. Mgeni hufika saa sita mchana na taulo jipya, akakuta bahari imekwenda zake na kuacha matope, mwani na watoto wanaookota kome, naye anatembea kuifuata kama mdai. Wakati wa kusi mawimbi ya huku hayana mzaha; ukiona wavuvi wamevuta mitumbwi juu na wanacheza bao, usiwe wewe wa kwanza kuingia. Hawajawa wavivu siku hiyo moja.

Jioni nilirudi kwa pantoni, nimesimama pembeni ya lori la mafuta lililotoka kwenye matangi. Wale wanaouza dawa ya meno, ya mgongo na ya panya, zote kwa sauti ileile, walikuwa wamemaliza hotuba. Taa za Ikulu zilikuwa zimewaka upande wa pili, na pweza wa Feri alikuwa ameshaanza kunukia kabla hatujafika katikati. Simu ikaita.

"Bosi wangu, kile kiwanja bahati mbaya kimeshachukuliwa. Sasa hivi, jamaa amelipa taslimu."

Nikamwambia hamna shida, kaka, tutaonana siku nyingine.

"Lakini usijali, nimekupatia kingine. Kiko mbele ya kile."

"Mbele yake? Si ulisema kile ni cha pili kutoka baharini?"

"Ndiyo, bosi. Hiki nacho ni cha pili."