Milioni Mbili Mkononi, Deni la Bodi Mgongoni: Mwongozo wa Mnufaika Mwenye Haraka

Kwanza kabisa, usimwambie mtu. Milioni mbili zikishajulikana ukoo mzima, swali la kulipa deni au kuwekeza linajifuta lenyewe. Mjomba atakuwa na bati za kumalizia, shemeji atakuwa na kiwanja Chanika kisicho na hati, na rafiki yako wa chuo atakutumia saa saba usiku video ya kijana aliyeegemea gari la kuazima, akifundisha foreksi. Funga mdomo walau wiki moja. Jambo hili linastahili utulivu.

Kisha chukua slipu yako ya mshahara, uisome mpaka chini. Makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo yalikuwa asilimia 8. Yanauma, na ndiyo maana wengi wakipata bonasi wanakimbilia kulipa deni lote "nipumue". Ninawaelewa. Ila kukatwa fedha nyingi kwa mwezi hakumaanishi kwamba deni lenyewe ni ghali. Zamani lilikuwa ghali kweli: kila mwaka liliongezwa asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, na wapo waliokatwa miaka na miaka huku salio likigoma kushuka. Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Tangu ilipofutwa, deni la mkopo wa chuo halizai tena.

Sasa shika kalamu. Tuseme mshahara wako wa msingi ni 1,000,000 na unadaiwa 9,000,000. Unakatwa 150,000 kila mwezi, kwa hiyo utamaliza baada ya miezi 60. Ukiipelekea Bodi milioni zako mbili leo, mwezi ujao utakatwa 150,000 ileile. Utakachopata ni kumaliza miezi 13 mapema, yaani karibu miaka minne kutoka sasa ndipo utaanza kuzirudisha mfukoni zile milioni mbili zako, bila nyongeza. Ukiziweka mahali zikapata, kwa mfano, asilimia 10 kwa mwaka na usiziguse, baada ya miaka mitano zitakuwa kama 3,220,000, na Bodi itakuwa imelipwa yote kupitia mshahara. Tofauti ni shilingi 1,200,000 na ushei. Kwa aliyeajiriwa, jibu langu ni hilo: acha makato yaendelee, akiba ifanye kazi.

Ila kabla ya kuwekeza hata senti, fungua simu yako. Kama humo kuna mkopo wa programu ya simu, au kuna mama anayepita kila Ijumaa na daftari la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya milioni zako. Aliyekopa 300,000 na kurudisha 390,000 mwezi unaofuata ametozwa asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Hakuna hatifungani wala mfuko wowote halali utakaokimbizana na riba hiyo. Nimeona walimu na manesi wakilalamikia Bodi asubuhi na jioni wakati anayewamaliza ni kausha damu. Lipa huyo leo, ufute na programu.

Kuna wanaopaswa kulipa Bodi mapema. Mtumishi haruhusiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na makato ya Bodi yanakula nafasi yake ya kukopa kwingine. Kama deni limebaki dogo na unataka mkopo wa nyumba benki, limalize. Aliyejiajiri naye asingoje. Yeye hana mwajiri wa kumkata, na akiba isiyo na mlinzi huyeyuka na mwezi. Alipe kila mwezi, tena kwa moyo, kwa sababu marejesho hayo ndiyo yanayomsomesha mtoto wa mkulima anayeingia chuo mwaka huu.

Kuhusu mahali pa kuweka fedha, anza na pasipokunyima usingizi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS unafaa kwa akiba ya dharura kwa sababu ukihitaji fedha unazipata baada ya siku chache za kazi. Sehemu ambayo hutaigusa inaweza kwenda kwenye hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Unaanzia 1,000,000, na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Atakayekuahidi kuzidisha fedha zako kwa wiki chache, mkumbushe upatu wa DECI. Watu waliambiwa wapande wavune, na serikali ilipousimamisha mchezo ule mwaka 2009, wengi walikuwa wameshapanda mpaka ada za watoto.

Mwisho, omba Bodi taarifa ya deni lako angalau mara moja kwa mwaka, uilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Mwajiri akikukata bila kuwasilisha, salio halitashuka, na ni wewe utakayehangaika. Deni likikaribia kwisha, mkumbushe mhasibu kwa maandishi asimamishe makato kwa wakati. Ukikatwa zaidi, dai urejeshewe.