Pengo Lipo Ibadakuli

Mapitio ya machapisho kuhusu zebaki kwa wachimbaji wadogo wa Geita huanza na Mkataba wa Minamata wa 2013 wa kudhibiti zebaki, hata kama mwanafunzi anayeyaandika hajaufungua. Hufuata msururu: huyu alisema, yule akaongeza, wa tatu akawaunga mkono, watafiti huelewana kuliko kamati ya harusi. Uhakiki ungeuliza nani alipima mkojo wa wachoma dhahabu, nani aliishia kugawa dodoso, na kwa nini matokeo yao yanapishana. Hilo hudai kusoma zaidi ya ikisiri. Basi hutafutwa pengo la utafiti, nalo, kwa bahati njema, huangukia Ibadakuli: kata ya Manispaa ya Shinyanga inayojulikana kwa uwanja wa ndege kuliko dhahabu, ila ndiko mwanafunzi alikopanga chumba.