Idumu Foleni ya Nakonde

Zambia imepakana na nchi nane na haina hata hatua moja ya pwani. Nchi ya namna hiyo ikitaka bahari hujenga, hukopa na huomba njia kwa jirani. Lakini katika yote iliyojengewa, kimoja tu hakijawahi kukosa vipuri wala kudaiwa na benki: foleni ya malori ya Nakonde, pale inapopakana na Tunduma ya Tanzania. Nashangaa haijawekwa kwenye noti.

Tuwatazame washindani wake. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia mwaka 1965, mafuta ya Zambia yakakatika, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na matope. Ajali zilikuwa nyingi hata njia ile ikapewa jina la jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kazi kubwa, sikatai. Ila bomba hilo limepita chini ya mpaka kwa zaidi ya nusu karne bila kununua chapati hata moja.

Ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa Wachina usio na riba, ikakabidhiwa mwaka 1976. Ilikusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Imebaki mbali na lengo hilo, na kwa wema huo imeiachia foleni riziki yake. Siku hizi kuna na mkongo wa mawasiliano: ujumbe wa Lusaka unavuka Tunduma kabla utingo hajafunga mlango wa lori. Sawa. Nani Nakonde amejenga nyumba kwa fedha za barua pepe inayopita?

Foleni ndiyo inayojenga. Malori ya shaba yanashuka kutoka Copperbelt na Kongo kwenda bandarini, mengine yanapanda na mafuta na mbolea, na yote yakifika hapa yanatulia. Lori likitulia, mji unaamka. Wapo akina mama wenye chupa za chai na mihogo ya kukaanga, vijana wenye mabunda ya kwacha na shilingi, wachaji simu, wafua nguo, wenye nyumba za wageni, na mawakala wa forodha, watu pekee duniani wanaojua karatasi yako imekwama kwa nani. Madereva wa nchi tano wanapika chini ya tela na kubishana mpira kwa Kiswahili. Semina gani ya ujirani mwema imewahi kufika hapo? Wanyamwanga, ambao wakoloni waliwapitishia mpaka katikati, hawahitaji hata foleni. Mkokoteni wa mahindi unapita njia ya panya dakika chache, huku tani thelathini zenye nyaraka halali zikisubiri mhuri. Anayefuata sheria ndiye anayepewa muda wa kutosha kuitafakari.

Maadui wamejaribu. Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu walizindua kituo cha pamoja upande wa Tunduma, ili lori likaguliwe na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, lisimame mara moja badala ya mbili. Foleni ilikubali sharti hilo bila kinyongo. Lori linasimama mara moja. Hakuna aliyetaja muda.

Wengine hawakuwa na bahati. Kule Kazungula, ambako malori yalisubiri pantoni ya Zambezi kwa siku kadhaa, Zambia na Botswana walijenga daraja la mita 923 kwa takriban dola milioni 260, wakalifungua Mei 2021 kwa shangwe na hotuba. Foleni ya watu iliyokomaa kwa miaka mingi ikauawa mchana kweupe, na waombolezaji hawakuonekana.

Najua mtakayoniambia. Kwamba lori lililosimama halilipi deni lake. Kwamba dereva analala kwa jicho moja akilinda tangi lisinyonywe mafuta. Kwamba maradhi yanapenda miji ya mpakani, na watoto wa Nakonde wanajifunza bei za usiku mapema mno. Kwamba gharama ya kila siku ya kusubiri inapandishwa juu ya mfuko wa mbolea, na anayeilipa ni mkulima wa Kasama ambaye hajawahi kuiona foleni. Yote kweli. Lakini mkulima huyo hana kiti katika mikutano ya wadau wa ushoroba, wala hapewi bahasha ya posho, kwa hiyo ni vigumu kupata maoni yake.

Mei 2020, kwa hofu ya korona, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache, wakubwa waligundua kwamba mlango walioudharau ndio unaoingiza sehemu kubwa ya bidhaa na ushuru wao. Wakaufungua. Foleni ikarudi ndefu zaidi, kwa sababu sasa dereva alipaswa kusubiri na majibu ya vipimo.

Basi, waheshimiwa wa Lusaka na Dodoma, tunawaomba msiiondoe ghafla. Mkilazimika, undeni kwanza kamati, na kamati iende kwa mwendo wenu wa kawaida.