Wametuibia Paka na Panya

Mfyuu! Jamani, nyie mmewahi kuona mtoto anaangalia katuni bila kucheka? Basi ingieni sebule yoyote ya mtaa huu saa kumi jioni. Mtamkuta kajikunyata pembeni ya kochi, simu ya kupangusa ya mama yake kaisogeza karibu na pua, macho hayapepesi, mdomo wazi, kimya. Humo ndani ya simu kuna matunda yenye macho yanaimba habari za kunawa mikono. Yakimaliza mikono yanaimba habari za kupiga mswaki. Yakimaliza mswaki yanaimba habari za kula mboga za majani. Mtoto hacheki, hashtuki, wala hageuki ukimwita. Bando likikata ndipo utajua kumbe mapafu anayo. Atalia kilio ambacho jirani lazima ajifunge kanga aje kuuliza nani kafariki.

Hapa kijiweni tumelijadili jambo hili mpaka kahawa imepoa. Simba na Yanga tumewaweka pembeni, bei ya sukari tumeiweka pembeni. Fundi baiskeli anasema dunia imekwisha. Mwalimu mstaafu anasema haijaisha, ila inaaga. Mie nikawaambia tulieni kwanza, tujue marehemu ni nani kabla ya kuanza kulia. Kwani katuni ni nini kama si kucheka?

Wa rika langu mnakumbuka. Bara vituo binafsi vya televisheni vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na hawakuacha kutusimanga. Mtaa mzima una TV moja, ya chogo, imevikwa kitambaa cha kufuma utadhani bibi harusi. Watoto sakafuni, kina mama mkekani, wazee kwenye makochi, na mhanga mmoja yuko nje kakumbatia mti wa antena. "Chenga zimeisha?" "Bado! Zungusha upande wa msikitini! Hapohapo, usisogee!" Basi kijana wa watu anabaki hapohapo kipindi kizima, anasikia vicheko tu. Ndani, paka kapigwa kikaango, na uso wake umegeuka umbo la kikaango. Mwenye nyumba, bwana mkavu ambaye hata siku ya Idi hacheki, anajipiga mapaja, machozi yanamtoka, kofia imedondoka. Nani hajaliona hilo?

Sasa siri iko hapo, hebu sogeeni. Yule baba hakuwa anadokoa cha watoto. Alikuwa anaangalia cha kwake! Paka yule, Tom, na panya yule, Jerry, walianza mwaka 1940 kwenye studio ya MGM kule Hollywood, mikononi mwa William Hanna na Joseph Barbera, kabla televisheni haijazoeleka majumbani. Vichekesho vyao vya dakika saba, nane, vilionyeshwa kwenye majumba ya sinema, filamu kubwa ikisubiriwa, mbele ya watu wazima waliotoa kiingilio kwa jasho lao. Ndiyo maana shida za Tom ni shida zetu. Kapenda, kapeleka maua, bibie kaondoka na mwenye gari refu. Katika kile cha kwanza kabisa, paka kaambiwa akivunja chombo kimoja zaidi anatupwa nje. Hivi hayo ni mambo ya mtoto wa chekechea? Hayo ni maisha ya mpangaji!

Na kazi waliifanya, wallahi. Sinema inapitisha picha 24 kila sekunde. Pigeni hesabu wenyewe: dakika saba ni picha 10,080. Hata mchoro mmoja ukipigwa picha mara mbili, bado kuna michoro elfu tano ya kuchora kwa mkono na kutia rangi, ili paka mmoja tu apigwe nyundo. Muziki wa Scott Bradley ulikuwa nyuma yake kila hatua. Akinyata unanyata, akianguka ngazi unahesabu ngazi. Na ule ukelele wa Tom akibanwa mkia, mnaoujua nyote, ni wa Hanna mwenyewe. Bosi mzima kasimama mbele ya kipaza sauti akajipigia mayowe! Nitajieni bosi wa leo atakayekubali. Oscar walipata saba, mojawapo kwa kile cha mwaka 1947 ambamo Tom kavaa koti la heshima anapiga piano ya Liszt ukumbini, na Jerry, masikini, usingizi wake ulikuwa humohumo ndani ya piano.

Hapo fundi baiskeli akapiga meza, drafti ikaruka. "Zamani bwana! Siku hizi takataka tupu!"

Nikamwambia punguza munkari. Takataka zilianza zamani hiyohiyo, tena na mabwana walewale. MGM waligundua kwamba vichekesho vya nyuma vikirudiwa pesa inaingia vilevile, basi mwaka 1957 wakafunga studio yao ya katuni. Ahsante ya punda! Hanna na Barbera wakakimbilia televisheni, na televisheni haikuwa na pesa ya michoro elfu tano. Wakaanza kubana matumizi. Mnamkumbuka Yogi, yule dubu mwizi wa vikapu vya chakula? Mshawahi kujiuliza kwa nini dubu asiye na shati kavaa kola na tai? Urembo? Aa wapi. Kola inaficha kiungo. Kiwiliwili kinabaki mchoro uleule, kichwa peke yake ndicho kinachorwa upya kikizungumza. Na Fred Flintstone akikimbia ndani ya nyumba yake, anapita dirisha, kiti, dirisha, kiti, dirisha lilelile, kiti kilekile, sebule ndefu kuliko Barabara ya Morogoro. Tuliyaona hayo, tukanyamaza, na leo tunayaita dhahabu.

Na zile katuni 13 za Tom na Jerry zilizotengenezwa Prague mwaka 1961 na 1962, chini ya Gene Deitch, je? Jina lake pengine hamlijui, lakini katuni zake mnazijua kabisa. Ikianza tu, mtu mmoja sebuleni lazima aulize, "Huyu Tom leo anaumwa?" Mwendo wa kushtukashtuka, sauti zinatoka pangoni, na bwana mwenye nyumba mle ndani ana hasira ambazo si za kuchekesha tena, ni za kuitiwa mjumbe.

Bado hamjasikia msiba wenyewe. Mwaka 1975 wakubwa wa televisheni ya Marekani, kwa kuogopa fujo mbele ya watoto, wakaletewa Tom na Jerry marafiki. Marafiki! Jerry kavalishwa tai nyekundu shingoni, anaongozana na paka kwenda matembezini. Lahaula! Mwaka 1992 ikaja filamu ndefu, humo wanazungumza, tena wanaimba. Watu wameishi miaka hamsini kwa ishara na marungu, neno moja moja tu la bahati mbaya, wakaelewana vizuri kabisa, leo wanakalishwa kikao. Mwalimu mstaafu akatikisa kichwa akasema ndoa nyingi zimevunjika kwa mtindo huohuo.

Ooh, halafu kuna hii ya Simba. Mwaka 1994 Disney wametuletea The Lion King, Simba, Rafiki, Pumbaa, majina ya nyumbani kabisa. Mufasa alipoanguka korongoni, simba mtoto alikunja uso, nyusi zikashuka, midomo ikatetemeka, na hapa mtaani watu wazima walisingizia moshi. Mwaka 2019 wakairudia kwa kompyuta, kila unywele mahali pake, vumbi kama vumbi. Mwalimu aliikuta katikati, akaiangalia dakika nzima akidhani ni kipindi cha hifadhi za taifa, akauliza hao ni wa Serengeti au wa Ruaha. Ndipo mmoja akafungua kinywa akaimba. Mwalimu akaweka kikombe chini. Maana simba wa kweli, ndugu zangu, hana nyusi za kukunja. Kafiwa na baba, uso uleule. Anakula mdudu, uso uleule. Kapata mchumba, uso uleule. Pesa zote zile wametumia kumnyang'anya mnyama sura!

Mambo ya wanyama yasije yakanisahaulisha bibi wa mtaa wa pili, mtu wa Tanga, mcha Mungu. Kaingia sebuleni kwa mwanawe, kamkuta mjukuu wa kike anakoroma kwa pua. Kamuuliza, "We mtoto, una mafua?" Mtoto kamwonyesha kioo. Humo kuna familia nzima ya nguruwe, baba, mama na watoto, wamesimama kwa miguu miwili, wanarukaruka kwenye tope na kucheka. Ni Peppa, katuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 2004. Bibi kasoma dua zote anazozijua, kafungua na madirisha. Tulimhurumia sana. Ila sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba Porky, yule nguruwe mwenye kigugumizi, alianza kazi mwaka 1935, na kwamba yeye mwenyewe amemcheka sana enzi za chogo. Mambo mengine mwachie mtu afe nayo.

Msije mkasema siangalii vya nyumbani. Naangalia. Ubongo Kids wanatengeneza Dar es Salaam tangu mwaka 2014, hesabu na sayansi kwa Kiswahili, nawavulia kofia. Wana na kingine cha wadogo, cha binti anayeitwa Akili, miaka minne, anakaa chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala usingizi anaingia nchi ya ndoto, Lala Land. Nikakaa vizuri nikitegemea vituko. Kumbe humo anajifunza herufi na namba! Jamani, mtoto katoka shule, kapita tuisheni, kafanya kazi ya nyumbani, kalala, na usingizini anakuta darasa jingine linamsubiri. Wajukuu zangu wameelimika kweli, sikatai. Mmoja alinisahihisha kujumlisha mbele ya muuza genge. Lakini hakuna mtu kwenye zile katuni aliyewahi kugongwa na kinanda, na mimi pengo hilo naliona.

Haki nayo tuiseme, tusije tukaonekana wazee wa kusifia makaburi. Mnamkumbuka yule mama wa nyumbani kwa Tom tuliyekuwa tunamwona miguu na soksi tu? Tulikuwa tunagombania kuinama chini ya TV ili tumwone uso. Sauti yake ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi wa Marekani, na namna alivyochorwa na kuongeleshwa ilikuwa dhihaka waliyozoea wazungu wa kule dhidi ya mtumishi mweusi. Miaka ya 1960, kwa ajili ya televisheni, walimfuta kwenye baadhi ya filamu, wakachora mahali pake mwanamke mwembamba mzungu. Badala ya kumpa mama wa watu uso, wakamwondoa na miguu! Zamani nayo ina mikono yake michafu. Tuipende huku tunaiangalia viganja.

Lakini mnataka ushahidi kwamba tulioibiwa ni sisi wazee? Nendeni kwa kinyozi wetu pale kona. Ukutani kaweka Tom na Jerry mchana kutwa, eti watoto watulie wakinyolewa. Watoto wenyewe wameinamisha shingo kwenye simu, wanamsumbua, "Anko, nywila ya waifai ngapi?" Anayeangalia ukutani ni nani? Jumamosi tumemkuta mwenyekiti mstaafu wa serikali ya mtaa, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, anacheka mpaka kiti kinasogea. Kinyozi anamwambia, "Mzee shikamoo, tafadhali tulia, nitakukata sikio." Mzee anajibu, "Kata, lakini usinizibe!" Na kwenye benchi wamekaa wanaume watatu ambao hawana nywele kabisa. Wanasubiri nini kwa kinyozi? Mjibu wenyewe.

Ndiyo hivyo, ndugu msomaji. Tukisikitika eti watoto wameharibikiwa, ni geresha. Watoto wana vyao, wameimbiwa, wamefundishwa, wamenawishwa mikono mpaka ngozi imesinyaa. Aliyesahaulika ni mtu mzima aliyechoka, mwenye kodi ya nyumba, mwenye madeni, mwenye usingizi wa mang'amung'amu, ambaye zamani alichorewa paka wa kupokea vipigo kwa niaba yake. Leo tukiwasha TV saa mbili kasoro dakika kumi usiku tunapewa mtaalamu wa uchumi.

Kwa hiyo kijiwe kimepitisha azimio, wajumbe wote wameunga mkono, na fundi baiskeli mikono miwili. Vijana mnaochora katuni Dar, Nairobi na kwingineko, tunawaomba mnyama mmoja tu. Asiimbe. Asifundishe. Asiombe radhi. Adondokewe na kitu kizito kila siku kabla ya taarifa ya habari, ainuke bapa, ajikung'ute, arudi tena kesho. Hela ya king'amuzi tumeshaanza kuchangishana. Ila mweka hazina, msiniulize jina, anasema iliyopatikana imeishia kwenye kahawa.